Watoto wa Leicester na watoto wa Bradford: kwa nini walipishana?

Septemba 1972, familia za Wahindi wa Uganda zilipokuwa zikihesabu siku zilizobaki kabla ya kutimuliwa na Idi Amin, gazeti la Uganda Argus la Kampala lilichapisha tangazo lililotoka mbali. Halmashauri ya mji wa Leicester, katikati ya Uingereza, ilikuwa ikiwasihi wasiende huko. Ilisema nyumba hazitoshi, shule zimejaa na huduma za afya zimezidiwa, hivyo kwa faida yao na ya familia zao watafute mahali pengine.

Walikwenda tu. Wengi walikuwa na ndugu waliotangulia kutoka Kenya na Tanzania. Wengine, kama wazee wa mji huo wanavyopenda kusimulia, walikuwa hawajawahi kulisikia jina la Leicester mpaka halmashauri yenyewe ilipowatangazia. Sensa ya 2021 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa mji huo wakijitambulisha kuwa na asili ya India. Barabara ya Belgrave, ambayo maduka yake yalikuwa yameanza kufungwa, leo inaitwa Golden Mile kwa sababu ya masonara wake, na sherehe za Diwali zinazofanyika hapo ni miongoni mwa kubwa zaidi nje ya India.

Ukiendesha gari saa mbili hivi kuelekea kaskazini unafika Bradford. Huko, mtu mmoja kati ya kila wanne ana asili ya Pakistan, na wengi wao mizizi yao iko wilaya moja tu, Mirpur, katika sehemu ya Kashmir inayotawaliwa na Pakistan. Nao walifika Uingereza miaka ileile. Walikuta baridi ileile, mabango yaleyale ya nyumba za kupanga yaliyowakataa watu weusi na Waasia, na mitaani wote, wa Kampala na wa Mirpur, walitukanwa kwa neno moja.

Lakini baada ya miaka 20 na zaidi, hali zao zilikuwa mbalimbali kabisa. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa 1994 kuhusu watu wa asili za kigeni Uingereza, ambao mwanazuoni Tariq Modood ni mmoja wa walioundika, uliwahesabu Waasia waliotoka Afrika peke yao. Ulikuta wenye kazi katika kundi hilo wanapata karibu sawa na Wazungu. Kwa upande wa pili, zaidi ya kaya nne katika kila tano za Wapakistani na Wabangladeshi zilikuwa zikiishi kwa kipato kilicho chini ya nusu ya wastani wa nchi. Kwa Wazungu, kaya zenye hali hiyo zilikuwa 28 katika kila 100.

Kuna jibu la haraka ambalo kila mzazi amewahi kulisikia barazani: hao Wahindi wana biashara kwenye damu. Ni jibu tamu, na lina hatari yake, kwa sababu tukilikubali kwa Wahindi tutalikubali pia kwa kabila la jirani, kisha kwa mtoto wetu mwenyewe tunayemwambia kuwa kwao hawakujaliwa hesabu. Mambo yaliyotokea katika miji hii miwili hayaliungi mkono.

Walichobeba bila kukipitisha forodhani

Amin alitangaza tarehe 4 Agosti 1972 na kutoa siku 90. Watu kama 28,000 waliishia Uingereza, na wengine zaidi ya 6,000 wakapokelewa Canada. Kila familia iliruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi, na mizigo ilipekuliwa njiani kuelekea Entebbe. Waliotua uwanja wa Stansted walipelekwa kwenye kambi za zamani za jeshi, wakagawiwa makoti ya msaada. Kwa macho ya mtu aliyewaona siku hiyo walikuwa maskini.

Hawakuwa maskini kwa kila kitu. Wengi walikuwa watu wa mjini: wauza duka, makarani, walimu, wahasibu, mafundi, wauguzi, baadhi madaktari. Watoto wao walikuwa wamesoma katika shule za jumuiya zao Kampala, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kwa Kiingereza, wakifanya mitihani iliyosahihishwa Uingereza. Baba alijua kuandika barua ya kuomba kazi. Mama, mara nyingi, alijua kusoma ripoti ya shule ya mwanawe. Walijua pia jinsi serikali ya Kiingereza inavyofanya kazi, fomu zake na mihuri yake, maana walikuwa wameishi chini yake kwa miaka mingi.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja ambalo hata kwetu hurudiwa sana. Si kweli kwamba wafanyabiashara hawa wote ni wajukuu wa vibarua waliojenga reli ya Mombasa kati ya 1896 na 1901. Vibarua walioletwa kutoka India walikuwa kama 32,000, karibu 2,500 walikufa, na wengi wa waliosalia walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wenye maduka, walio wengi, ni uzao wa watu waliokuja kwa nauli yao, hasa kutoka Gujarat, wakaanza kama wasaidizi katika duka la mjomba au la mtu wa kijiji chao. Kizazi cha kwanza kililala chini ya kaunta. Cha pili kilishika daftari, na cha tatu kikapelekwa shule. Kwa hiyo mtoto aliyeshuka Stansted 1972 akiwa na koti la msaada alikuwa amekwisha kupanda ngazi mbili ambazo Waingereza hawakuziona, kwa sababu zilipandwa Jinja na Kisumu.

Mateso hayakuanzia Uganda wala kuishia huko. Kenya ilipoanza mwaka 1967 kuwadai leseni za biashara na vibali vya kazi Waasia wasio raia, maelfu walikimbilia ndege za London, mpaka Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku tatu tu, mapema 1968, sheria ya kuwazuia watu waliokuwa wameshika pasi za Uingereza hiyohiyo. Tanzania nayo ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, na familia nyingi zilizokuwa na jengo moja la ghorofa pale Kisutu au Upanga zikaona hakuna la kusubiri. Hata hivyo, kuna jambo moja katika kufukuzwa kwao ambalo baadaye liliwasaidia, ingawa halikuonekana hivyo siku ile. Hawakuwa na pa kurudi. Nyumba ilikuwa imechukuliwa, duka limepewa mtu mwingine, akaunti imefungwa. Familia nzima, bibi, baba, mama na watoto, ilitua pamoja, na kuanzia wiki ya kwanza swali lao lilikuwa watoto watasoma wapi.

Bwawa lililomeza mji

Mwanamume wa Mirpur aliondoka kwao kwa namna nyingine. Wilaya ile ilikuwa ya wakulima wenye vishamba vidogo vya milimani, na kwa vizazi kadhaa vijana wake walikwenda Bombay kutafuta kazi ya kuchochea makaa kwenye meli za Waingereza. Baadhi waliteremka bandarini Uingereza wakabaki. Kisha Pakistan ikajenga bwawa la Mangla, lililokamilika 1967. Maji yake yalifunika mji wa zamani wa Mirpur na vijiji vingi, na watu zaidi ya 100,000 wakahamishwa. Mpaka leo maji yakipungua sana, makaburi na mahekalu ya mji ule huonekana tena, na watu huenda kuyazuru.

Viwanda vya sufu vya Bradford vilikuwa na mashine mpya zilizotakiwa kuzunguka usiku na mchana ili zilipe gharama yake, na Waingereza hawakuipenda zamu ya usiku. Mirpuri aliikubali. Hakuhitaji Kiingereza, kwa kuwa msimamizi wa zamu alikuwa mtu wa kwao na wenzake wote pale walikuwa watu wa kwao. Waliishi wanaume kumi au zaidi katika nyumba moja, wa mchana akiamka kitandani na wa usiku akilala palepale. Mpango ulikuwa wazi: miaka mitano, labda minane, jenga nyumba, nunua shamba, rudi.

Msomaji mwenye ndugu Muscat, Doha au Minnesota anaujua mpango huo bila kuelezwa. Hela ilikwenda nyumbani. Mirpur mpya ilijaa majumba ya ghorofa tatu yenye nguzo na marumaru, mengi yakiwa na mlinzi tu ndani, na watu wa Pakistan wakaipachika wilaya ile jina la Uingereza Ndogo. Huko Bradford mwenye jumba lile alikuwa amelala kwenye chumba chenye unyevu, na wala hakujiona mjinga, kwa sababu kwa hesabu zake Bradford palikuwa pa kupita tu.

Ilikuwa sheria iliyomfunga, kwa namna asiyoitarajia. Uingereza ilipoanza 1962 kubana uingiaji, na kubana zaidi miaka iliyofuata, mtu hakuweza tena kwenda na kurudi, au kumwachia mdogo wake nafasi. Akitoka, huenda asirudi. Basi wanaume wakaanza kuwaita wake na watoto, na foleni za viza Islamabad zikawa za miaka. Familia nyingi zilifika vipandevipande katika miaka ya 1970 na 1980: mwana mkubwa kwanza, ili aingie kiwandani, kisha mama na wadogo. Kijana aliyetua Bradford akiwa na miaka 13, bila Kiingereza, alikuwa na miaka mitatu tu ya shule mbele yake.

Na viwanda vilikuwa vinakufa. Katika miaka ya 1970 na 1980 sufu ya Bradford iliporomoka, na waliokuwa na ujuzi mmoja tu, wa kuangalia mashine moja usiku, wakaachwa hawana kitu mikononi. Wengi waliingia kwenye teksi, wengine kwenye vibanda vya chakula. Leicester pia ilipoteza viwanda vyake vya soksi na viatu, ila mji ule ulikuwa na kazi za aina nyingi zaidi, na watu wake wapya walikuwa na ujuzi wa kufungua duka kwa mkopo mdogo wa ndugu. Waliopoteza kazi Leicester walikuwa na mlango wa pili. Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya miji hii, na haina uhusiano na dini ya mtu wala damu yake.

Dini, kwa kweli, haikuwatenganisha kama wengi wanavyodhani. Miongoni mwa Waasia wa Afrika Mashariki walikuwamo Waislamu wengi: Ismailia, Bohora, Ithnaasheri, Wapunjabi wa Nairobi. Nao watoto wao walifanya vizuri. Tena katika utafiti uleule wa 1994, Wahindi waliohamia moja kwa moja kutoka India walikuwa nyuma ya wale waliopitia Afrika, ingawa wengi ni watu wa mikoa ileile, wenye lugha ileile na mahekalu yaleyale. Na ukivuka bahari hadi Marekani, Wapakistani wa huko ni kundi lenye kipato cha juu kuliko wastani wa nchi, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya 1965 ilifungua mlango kwa madaktari na wahandisi wao. Wakulima wa Mirpur hawakupitia mlango huo.

Mama kazini

Kuna sehemu ya habari hii ambayo husimuliwa kidogo. Huko Kampala na Nairobi, mke wa mwenye duka mara nyingi hakuwa na mshahara wake. Leicester alikwenda kiwandani. Alishona, alifunga betri kwenye redio, alipanga soksi kwenye maboksi. Mishahara miwili ndiyo iliyolipa amana ya nyumba ya kwanza, na wakati mwingine mama ndiye aliyepata kazi kwanza, baba aliyekuwa meneja huko Jinja akikaa nyumbani anakataliwa kila alipoomba.

Hawakuingia viwandani wakiwa wanyenyekevu. Mwezi Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters mjini Leicester, wengi wao wanawake, waligoma kwa karibu miezi mitatu kwa sababu walikuwa wakinyimwa bonasi waliyostahili na nafasi za uwakilishi, huku viongozi wa chama chao cha wafanyakazi wakikataa kuwaunga mkono. Miaka miwili baadaye, kaskazini magharibi mwa London, mama mmoja mwenye kimo kifupi na sari, Jayaben Desai, aliyezaliwa Gujarat na kuishi Tanzania baada ya kuolewa, alitoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick na kuongoza mgomo uliodumu mpaka 1978. Mgomo ulishindwa. Lakini watoto wa akina mama wale walikulia nyumba ambamo mama alikuwa na neno la kusema juu ya pesa.

Bradford haikuwa hivyo, na ni rahisi mno kuwalaumu akina mama wa Mirpur. Wengi walitoka vijiji ambavyo msichana hakupelekwa shule. Lugha yao, Kipahari, ni ya kusemwa zaidi kuliko kuandikwa. Tangazo la shule au la kliniki lilipotafsiriwa, lilitafsiriwa kwa Kiurdu, na mama ambaye hakuwahi kushika kalamu hakuweza kulisoma kwa Kiurdu wala kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyekuwa mkalimani wa mama yake kwa daktari. Wapo walioshona nguo nyumbani kwa malipo ya kipande kimoja kimoja, kazi isiyoingia kwenye takwimu yoyote, na wapo waliocheza upatu, ambao wao huuita kameti, wakatoa mahari na nauli za ndugu kutoka mle. Uwezo wa kupanga walikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaonyesha shule ya Kiingereza inavyokwenda.

Nayo shule haikuwapokea vizuri. Kuanzia 1964 mpaka 1980 Bradford ilikuwa na utaratibu wa kuwatawanya watoto wa Kiasia: asubuhi basi linawachukua kutoka mtaani kwao na kuwapeleka shule za mbali, ili shule moja isijae wao. Watoto wa Kizungu hawakusafirishwa kwenda upande wa pili. Fikiria mtoto wa miaka sita anashushwa kwenye shule ambayo mama yake hawezi kufika kwa miguu, hajui njia, wala hajui kumuuliza dereva. Kikao cha wazazi kikiitishwa, nani ataenda? Mwalimu akaandika kwamba wazazi hawa hawajali elimu.

Jioni mtoto huyohuyo alikwenda madrasa kwa saa mbili. Hilo peke yake halikumrudisha nyuma, na wazazi wa Tanga au Malindi hawahitaji kuambiwa kwamba mtoto anaweza kubeba vyote viwili. Tatizo lilikuwa likizo ndefu za Mirpur katikati ya muhula, wiki sita au nane, za harusi na matanga, na mtoto akirudi darasa limekwenda.

Suala la binamu

Uhusiano na kijiji ulidumishwa zaidi na ndoa. Mzazi wa Bradford alimwoza binti yake kwa mtoto wa kaka yake aliyeko Mirpur: wajibu kwa ndugu umetimizwa, shamba limebaki ndani ya ukoo, na kijana amepata viza. Maana yake ni kwamba katika kila kizazi, mzazi mmoja alikuwa anaanza upya, hana Kiingereza wala cheti kinachotambulika. Watu wa Leicester pia walitafuta wachumba ndani ya jumuiya yao, tena kwa ukali wa tabaka na wa dini, lakini mchumba mara nyingi alikuwa wa Leicester au London, naye amesoma hukohuko.

Ndoa za binamu zina upande wa afya pia, na kwa kuwa hata kwenye mwambao wetu zipo, afadhali kulisema jambo hili kwa takwimu badala ya minong'ono. Utafiti uitwao Born in Bradford ulianza 2007 na unawafuatilia watoto zaidi ya 13,500 waliozaliwa katika hospitali kuu ya mji huo. Ulikuta kwamba kama akina mama sita katika kila kumi wenye asili ya Pakistan walikuwa wameolewa na mtu wa damu yao. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya mwili iliongezeka maradufu kwa waliooana binamu wa kwanza, kutoka 3 katika kila 100 hadi 6. Maana yake ni mbili kwa pamoja: hatari ipo, na watoto 94 katika 100 walizaliwa salama. Kulikuwa na la tatu, ambalo magazeti ya Uingereza hayakulipigia kelele. Katika makundi yote, mama mwenye elimu ya juu alikuwa na hatari iliyopungua kwa karibu nusu.

Watafiti walipochukua kundi jingine la akina mama miaka kadhaa baadaye, walioolewa na ndugu wa damu walikuwa wameshuka kutoka 62 hadi 46 katika kila 100. Hakukuwa na sheria iliyowakataza. Wasichana walikuwa wamebaki shuleni muda mrefu zaidi, masharti ya viza yalikuwa yamekazwa, na mabinti walianza kuwaambia wazazi wao hapana.

Pengo linavyopungua

Anayesoma mpaka hapa anaweza kudhani Leicester ni mji wa hadithi njema. Sivyo. Wazee waliokuwa walimu Kampala walistaafu wakiwa wapakiaji wa bidhaa ghalani. Watoto wengi walikua na ufunguo shingoni, baba na mama wakiwa zamu tofauti na duka likifunguliwa siku saba. Mwaka 2020 ilibainika kuwa karakana za nguo za mji huo, baadhi zikiwa za wamiliki wa Kiasia, zinawalipa wafanyakazi wahamiaji wapya chini ya kima cha sheria. Na mwaka 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu wa mji huo, ambao nyumba zao zimepakana, walipambana mitaani kwa wiki kadhaa. Bradford ilishapitia moto wake Julai 2001.

Tena takwimu za leo huwaweka Wahindi wote kapu moja, akiwamo daktari aliyetoka Delhi mwaka juzi, kwa hiyo ulinganisho safi kama ule wa 1994 haupatikani kirahisi. Kati ya 2016 na 2018, kaya za Wahindi zilizomiliki nyumba zilikuwa 74 katika kila 100, zaidi ya Waingereza Wazungu waliokuwa 68. Za Wapakistani zilikuwa 58. Si haba kwa watu walioanza na zamu ya kitanda, ila nyingi ni nyumba kuukuu za mistari ya karibu na kiwanda kilichofungwa, na thamani yake haikupanda kama za kusini.

Walipofika mbali watoto wa Afrika Mashariki panajulikana. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024, ni mtoto wa daktari aliyezaliwa Kenya na mfamasia aliyezaliwa Tanganyika. Hakuna anayeshangaa akisikia kazi za wazazi hao. Linaloshangaza zaidi, pengine, ni kwamba kikosi cha kriketi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia 2019 kilikuwa na vijana wawili wenye asili ya Mirpur, Adil Rashid wa Bradford na Moeen Ali wa Birmingham, ambaye babu yake ndiye aliyehama.

Na madarasani mambo yamegeuka. Vijana wenye asili ya Pakistan sasa wanakwenda chuo kikuu kwa uwiano mkubwa kuliko Waingereza Wazungu, na wasichana wao wanawazidi wavulana wao. Mama aliyekuwa hawezi kusoma barua ya shule ana mjukuu wa kike mwenye shahada. Kilichobaki nyuma ni kazi: wenye shahada hizo wengi wamesoma vyuo vya karibu na nyumbani ili walale kwao, hawana mjomba katika kampuni ya sheria wala ya uhasibu, na wanawake wao bado wako nyuma ya wa Kihindi kwa mbali katika ajira. Kupata cheti kumechukua kizazi kimoja na nusu. Kupata mtu wa kukufungulia mlango wa ofisi kunachukua muda mrefu zaidi, na hapo watoto wa Kampala wanatumia mtandao wa ndugu ulioanza kusukwa dukani Jinja.

Ukiingia jikoni kwa bibi wa Leicester utasikia kisu, fagio na sufuria ndani ya Kigujarati, na muhogo wa kukaanga, wanaouita mogo, umekwisha kuwa chakula cha kawaida katika mikahawa ya Kihindi ya mji huo. Wajukuu wengi hawajui kwamba maneno hayo si ya Kigujarati. Wenzao wa Bradford, wale waliozaliwa 2007 na kuandikwa siku ya kwanza kwenye daftari la watafiti, wamefika umri wa kupiga kura. Watafiti walewale wanaendelea kuwafuatilia: nani anabaki masomoni, nani anaingia kazini, nani anaondoka mjini.